Maji Yakishashuka: Somo la Kutembelea Fuo na Kingo Zilizofurika



Mwanzoni mwa Mei 2024, tufani iliyopewa jina la Hidaya ilipokaribia pwani ya Tanzania na kufika kisiwani Mafia, safari za vivuko baina ya Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa, na Serikali ya Kenya ikapiga marufuku kwa siku kadhaa kuogelea na kuvua katika Bahari ya Hindi. Siku hizo hizo Ziwa Victoria lilikuwa limefurika. Haikushangaza, basi, kwamba katika mikutano yetu na wananchi tuliulizwa mara kwa mara: je, tufani yaweza kufika Jinja?

Jibu ni hapana. Tufani huzaliwa baharini penye maji ya vuguvugu, na upepo wake hupata kuzunguka kwa sababu dunia yenyewe inajizungusha. Nguvu hiyo ya kuuzungusha upepo ni hafifu mno karibu na ikweta. Jinja iko chini ya nusu digrii kaskazini mwa ikweta, na Mbale ni digrii moja na kidogo tu. Hata hivyo, hasara ambayo tufani huileta pwani kwa usiku mmoja, kwetu huletwa na maji ya namna mbili: maji ya ziwa, yanayopanda polepole na kukaa miezi mingi, na maji ya mlimani, yanayoshuka kwa ghafla na kupungua kabla ya mchana. Namna ya kuyakimbia maji hayo tumekwisha kuieleza katika mikutano mingi. Somo la toleo hili linahusu kipindi kinachofuata, ambacho hakisemwi sana. Maji yamepungua, jua limetoka, mwenye ufuo amepaka rangi mpya, nao watu wa Busia, Malaba na Lwakhakha wanataka kwenda kutembea na watoto wao siku ya sikukuu.

Tunaanza na kosa letu wenyewe. Kwa muda mrefu mafunzo yetu kuhusu kipindi hicho yalikuwa neno moja: msiende. Neno hilo lilikuwa jepesi kulitangaza, na lilitukinga na lawama. Siku moja, katika mkutano uliofanyika kwenye mwalo mmoja wa Busia, mama mmoja anayekaanga na kuuza samaki alisimama akasema, “Afande, maji yalichukua banda langu mara moja. Nyinyi mnalichukua kila Jumapili.” Tulimjibu, “Mama, tumekusikia,” lakini ukweli ni kwamba hatukuwa na jibu. Wageni wasipokuja, hakuna anayenunua samaki, hakuna anayekodi kiti wala mtumbwi, na kijana aliyekuwa akilinda magari hutafuta kazi nyingine, mara nyingine kazi ambayo baadaye humleta kituoni kwetu. Tangu siku hiyo tumeacha kusema msiende. Tunajitahidi kueleza namna ya kwenda.

Tuchukue ziwa kwanza. Mwanzoni mwa Oktoba 2019, kipimo cha maji cha Jinja kilisoma mita 12.00. Kufikia mwisho wa Aprili 2020 kilisoma mita 13.32. Majuma machache baadaye ziwa lilivuka mita 13.41, rekodi iliyokuwa imekaa tangu mwaka 1964, na Mei 2024 likapanda kupita hapo tena. Ndugu zetu wa Budalang'i, wanaoujua Mto Nzoia, wanaweza kucheka wakisikia kwamba mita moja na theluthi ni mafuriko. Lakini mahali pengi ufuo wa ziwa ni mteremko mdogo sana. Maji yakiongezeka kimo cha mtoto wa darasa la pili au la tatu, huingia mbali nchi kavu, huzunguka nyumba, hufunika bustani, na hupanda hadi dirishani.

Watu hutuuliza kwa nini mabwawa hayafunguliwi ili ziwa lishuke haraka. Sisi si wahandisi, lakini hesabu hii mtu yeyote aweza kuifanya. Ziwa Victoria lina eneo la takriban kilomita za mraba 68,800. Ukitaka kuondoa sentimita moja tu ya maji juu ya eneo lote hilo, yakupasa kutoa mita za ujazo milioni 688. Mto Nile ukitoa mita za ujazo 2,000 kwa kila sekunde, ambacho ni kiasi kikubwa, utahitaji siku nne kwa sentimita hiyo moja, na hapo hujahesabu mvua na mito inayoendelea kuingia. Takriban sehemu nne kati ya tano za maji ya ziwa hutokana na mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe. Maji hayo huondoka kwa njia mbili pekee: kupaa kwa joto la jua, na mlango wa Nile hapa Jinja, unaopitia mabwawa ya Nalubaale na Kiira. Ziwa lililopanda kwa miezi saba halishuki kwa juma moja, hata kama mvua imekoma na anga ni jeupe.

Matokeo yake ni kwamba ufuo unaoonekana umepona mara nyingi umehama tu. Mstari wa maji wa leo uko juu ya kile ambacho mwaka jana kilikuwa jikoni, njia ya miguu, shamba la mihogo au choo. Mawimbi hukimomonyoa kingo kipya, mchanga huchukuliwa na kuwekwa kwingine, na mwenye ufuo, kwa kutaka wageni wake warudi, humwaga mchanga mpya juu ya udongo. Hatumlaumu kwa kutaka kuishi. Lakini mgeni afike akijua kwamba kilicho chini ya maji hayo hakikuwekwa pale na ziwa.

Sikukuu moja ya Krismasi tuliitwa kwenye ufuo mmoja, ambao hatuna sababu ya kuutaja. Familia ilikuwa imevuka mpaka asubuhi ikiwa na watoto sita. Kijana wa miaka kumi na minne aliruka kutoka kwenye ukuta mfupi, mahali ambapo maji yalionekana ya kina kizuri. Chini palikuwa na sakafu iliyovunjika, na nondo moja ilikuwa imesimama. Ilimchoma pajani. Aliishi, kwa kuwa mwendesha bodaboda mmoja alimfunga kwa shati lake na kumkimbiza hospitali bila kungoja gari. Tulipoandika maelezo ya mashahidi, tuligundua jambo lililotusumbua zaidi ya damu tuliyoiona. Karibu kila mwenyeji aliyekuwapo alijua kwamba pale palikuwa jiko. Mchuuzi alijua, mvuvi alijua, hata watoto wa kijiji walijua. Familia hiyo haikuwa imemwuliza yeyote, na hakuna mwenyeji aliyeona kwamba ni kazi yake kusema.

Kwa hiyo, ukifika ufuoni, usiulize kama hapa ni salama. Kila mtu atakujibu ndiyo, kwa adabu au kwa biashara. Uliza: “Kabla maji hayajapanda, hapa palikuwa na nini?” Usimwulize kijana aliyeajiriwa langoni mwezi huu. Mtafute mtu aliyekuwapo kabla: mvuvi mwenye umri, mama wa samaki, mwenyekiti wa LC 1. Swali hilo ni rahisi kujibiwa kwa ukweli, kwa sababu halimdai mtu aseme ubaya wa ufuo wake. Yeye atataja tu choo, kisima, mti uliokatwa, nguzo ya umeme, na wewe utajua pa kuwakataza watoto.

Choo tumekitaja makusudi. Vyoo vya shimo vilivyofunikwa na ziwa havikuondoka. Uchafu wake umeingia katika maji ambayo watoto huyanywa wanapocheza. Kipindupindu na homa ya matumbo hupenda msimu huo. Kichocho nacho hustawi, kwa kuwa konokono wanaobeba vijidudu vyake hukaa kwenye maji yaliyotulia yenye majani, na mafuriko hutengeneza vidimbwi vya namna hiyo kila mahali. Mtu akiogelea na baada ya majuma kadhaa apatwe na homa au aone damu katika mkojo au choo chake, amweleze mhudumu wa afya kwamba aliingia ziwani. Watu wa mpakani hutibiwa kwao, na mara nyingi mganga wa upande wa pili hajui kwamba mgonjwa alikuwa Jinja.

Kuna pia visiwa vinavyoelea. Maji yanapopanda hung'oa mafunjo pamoja na udongo wake, na upepo husukuma kipande hicho kama mashua isiyo na nahodha. Aprili 2020 kisiwa cha namna hiyo kilifika Jinja na kuingia kwenye mitambo ya kuzalisha umeme, na nchi nzima ikawa gizani. Vijana hupenda kupanda juu yake na kupigwa picha. Kinabeba, ni kweli, lakini kina mashimo yasiyoonekana, nyoka hujificha humo, na upepo ukigeuka hakirudi ufukweni kwa sababu wewe unataka kurudi. Mamba na viboko nao husogea karibu na makazi ziwa linapopanda, kwa kuwa malisho na maficho yao yamesogea.

Kuhusu mashua tutasema machache, kwa kuwa mafunzo yake yamekuwa yakitolewa tangu Novemba 24, 2018, boti ya starehe MV Templar ilipozama karibu na ufuo wa Mutima, wilayani Mukono, na zaidi ya watu 30 wakafa. Wengi wao hawakuwa wamevaa jaketi okozi. Mashua isiyo na jaketi kwa kila abiria, mtoto akiwemo, usiipande, hata nauli ikiwa imeshalipwa. Na tunaongeza jambo moja linalohusu kipindi cha baada ya mafuriko: gati nyingi zimehamishwa kwa muda, na mahali pa kushukia pengine ni ubao tu juu ya matope. Watu huanguka pale, wakiwa wameshavua jaketi kwa kudhani safari imekwisha.

Sasa tugeuke tuelekee Mbale, kwa kuwa maji ya huko yana tabia nyingine kabisa, na aliyejifunza ziwani akienda huko na mazoea yake aweza kupotea.

Usiku wa Julai 30 kuamkia Julai 31, 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo zake na kuingia mjini Mbale na vitongoji vyake. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha, wakiwemo abiria waliosombwa wakiwa ndani ya gari. Nyumba, maduka, mashamba na mabomba ya maji safi viliharibiwa. Asubuhi iliyofuata mito ilikuwa imekwisha kupungua, na waliotoka nje waliona jua juu ya matope. Hapo ndipo tofauti ilipo. Ziwa hukuachia maji na kukuficha hatari. Mto wa mlimani huondoa maji, huonyesha uharibifu wote waziwazi, kisha aweza kurudi jioni hiyo hiyo. Mvua haihitaji kunyesha mjini. Ikinyesha Wanale au juu zaidi, maji hukusanyika mabondeni na kushuka, na mtu aliyesimama chini ya jua akiangalia daraja lililovunjika huyasikia kabla ya kuyaona. Ukisikia mvumo, au ukiona maji yamegeuka rangi ghafla na kubeba majani na vijiti, panda juu. Usikimbie kufuata mto ukielekea chini, wala usirudi kuchukua viatu.

Mafuriko hayo yalitokea siku chache kabla ya msimu wa imbalu. Wasomaji wetu wa Bungoma na Sirisia wanajua kwamba katika miaka inayogawanyika kwa mbili, mwezi wa Agosti, Bagisu huzindua tohara katika uwanja wa Mutoto, na jamaa zao Babukusu nao huwa katika msimu wao. Watu huvuka Lwakhakha kwa maelfu. Mwaka huo walikuta mji ulio katika matanga na ngoma kwa wakati mmoja. Hatukuona ubaya katika hilo. Mila ina majira yake, na biashara za imbalu zilisaidia familia nyingi kununua mabati. Tuliloliona baya ni makundi yaliyotoka kwenye ngoma yakaenda mtoni kutazama. Wengine walisimama juu ya ukingo uliochimbwa chini na maji, mahali ambapo nyasi bado ziko juu na udongo wote wa chini umekwenda. Ukingo wa namna hiyo hubeba mbuzi. Hauwabebi watu kumi. Kaa mbali na ukingo uliokatika kwa urefu usiopungua mara mbili ya kimo chake.

Wengine walipiga picha. Hapa tunaomba mtuvumilie, kwa kuwa jambo hili hutugusa. Picha ya maiti inayotembea kwenye simu hufika kwa mama wa marehemu kabla hatujamfikia sisi. Kazi ngumu kuliko zote katika ofisi yetu ni kwenda kumwambia mtu habari ambayo ameshaiona akiwa peke yake sokoni. Piga picha ya daraja ukitaka. Mtu aliyekufa, na aliyefiwa akiwa analia, mwache.

Milimani penyewe, yaani Bududa, Bulambuli, Sironko, tunasema kwa ufupi na kwa ukali zaidi. Machi 2010 maporomoko ya ardhi yaliifunika Nametsi na mamia ya watu wakafa. Oktoba 2018 maji na mawe yalishuka Bukalasi. Novemba 27, 2024 ikawa zamu ya vijiji vya Bulambuli, Masugu kikiwa kimojawapo. Udongo ulioporomoka hauponi kama mchanga wa ufuoni. Ukinyeshewa tena hutembea tena. Mtu asiye na kazi ya uokoaji wala maiti ya kuzika hana sababu ya kupanda huko mvua za msimu zikiwa zingali zinanyesha. Tunajua kwamba baadhi ya waliohamishiwa Bunambutye hurudi kulima mashamba yao ya zamani. Hatutawakamata kwa kulima. Tunawaomba wasilale huko, na wakiona ufa mpya ardhini au mti ulioinama ghafla, washuke na kumwarifu mwenyekiti siku hiyo hiyo.

Msaada nao una matata yake. Baada ya kila mafuriko hujitokeza watu wenye fulana nzuri na namba ya simu ya kutumiwa pesa, wakichangisha kwa ajili ya waathirika wasiowajua. Ukitaka kutoa, mpe mtu unayemwona, au pitia Chama cha Msalaba Mwekundu, kanisa au msikiti unaoujua, au ofisi ya wilaya. Au nenda ukanunue. Sahani ya samaki inayonunuliwa Masese kwa bei yake kamili, bila kumwomba mama apunguze kwa kuwa “biashara ni mbaya siku hizi”, ni msaada usiohitaji risiti. Na mabati, milango na mbao zilizotapakaa ufuoni zina wenyewe. Kuziokota ni wizi, hata kama maji yamezileta hadi miguuni pako.

Lipo jambo ambalo tungependa lisituhusu, nalo latuhusu. Sheria ya mazingira inalinda mita 200 kutoka kwenye ukingo wa Ziwa Victoria, na mita 100 au 30 kwa mito, kwa kadiri ya mto. Maji yanaposhuka, watu hujenga tena ndani ya eneo hilo, kwa kuwa hawana kwingine, na siku moja polisi huitwa kusindikiza watakaobomoa. Hatuwezi kuahidi kwamba hatutaitwa. Tunachoweza kusema ni hiki: banda la kubeba, linaloweza kuondolewa kwa saa moja, huokoa mali kwa maji na kwa amri pia, na mwenye nalo huuza samaki wale wale.

Mwisho, mambo ya mpakani. Beba kitambulisho chako hata unapokwenda kuogelea. Kiache kwa mtu aliye nchi kavu. Kabla ya kuondoka nyumbani mwambie jirani mnakwenda ufuo gani, mko wangapi, na mtarudi saa ngapi. Tumewahi kutafuta majini kwa siku mbili bila kujua tunatafuta watu wangapi, kwa sababu waliozama walitoka ng'ambo na hakuna aliyejua idadi yao. Namba za dharura ni 999 na 112, nazo hazilipiwi. Lakini simu za mpakani hukamata mtandao wa upande wa pili bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo, anayepokea akiitika, usianze na tukio. Anza kwa kutaja nchi, wilaya na mwalo au kijiji, kisha eleza lililotokea.

Wenyeviti na walimu watakaolisoma somo hili mikutanoni tunawaomba kazi moja. Kila mwalo na kila kijiji cha kando ya mto kiandike kwenye karatasi vitu vilivyokuwapo mahali ambapo sasa pana maji au matope, kionyeshe viko upande gani wa mti au jengo linaloonekana, na kibandike karatasi hiyo pale wageni wanapoingilia. Nakala moja iletwe kituo cha polisi kilicho karibu. Yule mama muuza samaki ametuletea yake tayari, kwa mwandiko wa mjukuu wake. Ina vitu saba, kuanzia kisima cha shule hadi nguzo mbili za chuma za gati la zamani, na banda lake la kwanza liko katika nafasi ya nne.